Wimbo Uliobanwa Ili Uvuke

Shangazi yangu Nyirarukundo havushi kitu kizima. Gunia la viazi kutoka Bugeshi likifika mikononi mwake hugeuka vifuko, vifuko hupanda migongoni na vichwani mwa wanawake anaowaamini, na baada ya muda, ng'ambo ya mpaka upande wa Goma, gunia limesimama tena vilevile lilivyokuwa, limeshonwa mdomo, linamngoja mteja. Kwa kazi hiyo amelea watoto na kujenga nyumba. Kwa hiyo alipopewa wimbo huko Goma auvushe kuja kwetu Gisenyi, aliutendea kama anavyotendea kila kitu. Aliufanya mdogo kwanza.

Mambo yangeishia hapo kama wimbo ungebaki ndani ya simu. Jikoni, sufuria zikigongana na jirani akimfokea mbuzi, ulisikika vizuri kabisa. Shangazi aliupiga akichambua maharage. Binti yake Alliance aliupiga akinyoosha kwa pasi mshanana wake, vazi la sherehe la kutupia begani, akajizoeza kutembea kuufuata, kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji na kurudi. Wote wawili waliridhika. Kisha Alhamisi mchana, posa ikiwa Jumamosi, wakaniletea mimi.

Mimi ndiye mwenye spika. Napiga muziki kwenye sherehe za mjini hapa, ubatizo, mahafali, harusi, na Alliance, binamu yangu, alikuwa ameapa mbele ya ukoo wote kwamba hakuna mtu mwingine atakayegusa waya siku yake. Nilipanga spika zangu mbili kubwa uani, nikachomeka simu, nikapandisha sauti.

Waimbaji walitoka kama watu wanaoimba ndani ya ndoo. Gitaa lilikuwepo. Besi ilikuwepo, imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Lakini juu ya hayo yote kulikuwa na kitu kinachemka.

"Nini kinakaangwa?" nikauliza.

"Hakuna kinachokaangwa," Alliance akasema. "Tumeshakula."

"Sikiliza vizuri. Chwaa, chwaa, chwaa. Kama dagaa wa sambaza kwenye mafuta."

Alliance akasogea hadi kwenye spika, akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Isimbi," akasema polepole, "hiyo ni kayamba."

"Hiyo haiwezi kuwa kayamba."

"Ni kayamba. Ni Mama Vestine."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uso ulimbadilika.

Mama Vestine ni mama wa Cyiza, mchumba wa Alliance, na anakaa Goma. Mara ya kwanza alipotambulishwa kwa binamu yangu, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akarudi tena kichwani, kisha akasema, "Bon." Ni Kifaransa cha "vema" au "haya basi", na hakuongeza neno. Alliance aliibeba ile "bon" miezi mingi, akiigeuza huku na huku kama mtu aliyeuziwa simu bila chaja. Ilikuwa bon ya kukubali? Ilikuwa bon ya kufunga mlango? Cyiza hakujua. Alisema mama yake hutumia neno hilohilo kwa daktari na kwa mwizi.

Ndipo Alliance akapata wazo. Zamani Mama Vestine alikuwa katika kwaya moja ya Goma iliyopendwa sana. Hakuwa akiimba. Alipiga kayamba, tena kayamba la kujitengenezea, kopo la maziwa ya unga lililotiwa mbegu. Kwaya ile iliwahi kurekodi wimbo mmoja studio, na Alliance aliamua kwamba Jumamosi, wasemaji wa familia mbili wakishamaliza kutaniana na kukubaliana, na zamu yake ya kutoka nyumbani kwenda kuwasalimia wakwe ikifika, atatoka kwa wimbo huo. Alitaka mama mkwe ajisikie mwenyewe, ajue kwamba msichana huyu anamfahamu na anamheshimu.

Na sasa mama mkwe alikuwa sambaza.

"Shangazi," nikasema, "wimbo huu uliutoa wapi?"

Shangazi alikuwa kwenye ngazi ya jikoni, anamenya viazi, na kisu chake hakikusimama. "Kwa Cyiza. Alikamata flash ya mama yake kwa siri, akaniwekea kwa simu. Lakini ilikuwa munene, we! Nikaenda kwa ule bwana wa kioski ya simu, nikamwambia, baba, fanya ikuwe kadogo, inavuka mupaka."

"Wimbo hauvuki kwa miguu, Shangazi. Hakuna mtu wa forodha anayepima wimbo."

"We hujui barrière," akanijibu kwa huruma, akimaanisha kizuizi cha mpakani. "Hakuna kitu hawapimi."

"Na ule mnene uko wapi?"

"Nilifuta. Mutu amekwisha kuvusha kadogo, anabakia na gunia kwa kichwa juu ya nini?"

Alliance akaketi chini, pale pale kwenye nyasi.

"Mbona munanuna?" Shangazi akashangaa. "Sasa tuko huku. Tumevuka. Isimbi, rudisha ikuwe kubwa."

"Hairudi."

"Viazi vinagawanywa, vinaunganishwa. Wimbo ni muzuri kuliko viazi?"

Nikamwomba aache kisu. Nikamweleza kwamba viazi vyake hugawanywa, havitupwi, ila wimbo ule ulitupiwa vitu njiani. Kila sekunde ya muziki hupewa nafasi yake ndani ya faili, na nafasi hiyo hupimwa kwa biti. Wimbo mnene wa Cyiza ulikuwa na kilobiti mia tatu na ishirini kwa kila sekunde. Bwana wa kioski aliubana hadi thelathini na mbili, sehemu moja ya kumi. Ukibaniwa nafasi kiasi hicho huwezi kueleza kila kitu, kwa hiyo mashine huchagua. Sauti za watu inazibakiza, kwa sababu masikio ya watu hufuata maneno. Gitaa inalibakiza. Kisha inatafuta kile inachodhani hakuna atakayekiulizia. Na kayamba, katika muziki wote, ndilo gumu kueleza, maana si sauti moja. Ni punje nyingi zinazogonga bati, kila moja kwa wakati wake, kama mchanga unaomwagika. Kila punje inataka nafasi. Mashine ikatazama kopo lile, ikaona ni usumbufu, ikachora mvuke mahali pake.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo. "Donc, basi, mashine ilimufukuza bamwana wangu kwa kwaya?"

Bamwana ndivyo wazazi wa pande mbili wanavyoitana, na Shangazi alikuwa amelifanyia neno hilo mazoezi.

"Ndiyo."

"Wengine wote walibaki?"

"Wote."

"Yeye peke yake?"

"Peke yake."

Akaketi karibu na binti yake kwenye nyasi.

Hata hivyo hakuna mchuuzi anayekubali hasara kabla hajaishika mkononi. Alinisumbua mpaka nikafungua kompyuta, nikauchukua ule wimbo mdogo, nikauhifadhi upya kwa kilobiti mia tatu na ishirini. Faili likavimba mara kumi. Shangazi aliona namba ikikua, akapiga makofi. "Ona! Munene! Mi nilisema!" Nikaupiga. Sambaza wakaendelea kukaangwa, ila sasa kwenye sufuria kubwa.

"Ah," Shangazi akasema. "Mukondefu amevaa koti ya kaka yake."

Tulimpigia Cyiza, aliyekuwa kazini Kigali na asingerudi kabla ya Ijumaa jioni. Alisema flash iko kabatini kwa mama yake, na tangu mama alipomkuta akirandaranda karibu na kabati lile, anatembea na ufunguo kifuani.

"Basi tuchague wimbo mwingine," nikamwambia Alliance. "Nyimbo ni nyingi."

"Haiwezekani. Dada yake Cyiza amekwisha kumwambia mama yao. Mama Vestine ameshona nguo mpya, Isimbi. Amealika kwaya nzima. Amemwalika hata Twagirimana, mwalimu wao wa kwaya. Wote watakaa pale mbele wakisikiliza, na yeye pekee hatakuwepo ndani ya wimbo. Unajua ataniambia nini?"

"Bon?"

Hakucheka.

Kwa hiyo tulipaswa kwenda kumwambia wenyewe. Alliance hakuweza kuja, kwa maana bibi harusi hafiki kwa wakwe akiwa bado hajaposwa, na mila hiyo Shangazi haigawanyi. Ijumaa asubuhi tukapanga foleni mpakani, Petite Barrière, mimi na yeye. Wanawake wenzake wa biashara walimshangaa, maana walimwona hana hata kifuko.

"Nyirarukundo! Leo unavusha nini?"

"Aibu."

"Umeigawanya?"

"Hapana. Leo iko nzima."

Walicheka mpaka askari akageuka kutazama.

Nyumba ya Mama Vestine ina ukuta wa mawe meusi ya volkano, na viti vyake vimevaa vitambaa vyeupe. Alitupokea kwa chai, akaketi wima, mikono mapajani. Shangazi akaanza mbali kabisa. Alisifu chai, akauliza habari za mvua, akasifu vitambaa, akauliza tena habari za mvua. Mama Vestine alimwacha akachoka mwenyewe.

"Bamwana," Shangazi akasema hatimaye, "kuna kitu Isimbi anataka usikilize."

Nashukuru sana, nikasema moyoni. Kulikuwa na spika ndogo nzuri juu ya televisheni. Nikaiunganisha na simu.

Wimbo ulipoanza, mkono wa kulia wa Mama Vestine uliinuka kutoka pajani bila kuombwa, ukaanza kutikisa kopo lisilokuwepo. Ulitikisa vizuri, kwa kiwiko kilicholegea. Kisha ukapunguza. Kisha ukasimama hewani, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia na asijibiwe.

"Mi niko wapi?" akauliza.

Akasogeza sikio upande wa spika.

"Nasikia masoprano. Nasikia ule mupiga gitaa, mulevi. Pale mwanzo nasikia hata Twagirimana anakohoa." Akatugeukia. "Kikohozi yake mumeiacha. Mi ndiye mumetoa?"

Shangazi akashuka kwenye kiti, akapiga goti moja. "Bamwana, nilikubana. Si kwa ubaya. Nilitaka uvuke bila tatizo."

Ilinibidi nieleze upya habari za biti na mchanga na mvuke, haraka haraka, kabla hatujafukuzwa. Mama Vestine alinikatiza sehemu moja tu.

"Rudia hapo. Mashine inatoa kitu gani?"

"Kile inachodhani hakuna mtu atakiona kimekosekana, Mama."

"Ni yeye!" Akapiga paja. "Ni yeye kabisa! Twagirimana! Mwaka ule tunaenda studio aliniambia mbele ya watu, Vestine, hiyo kopo ni makelele, tukiitoa hakuna mutu ataona. Nikakataa. Nikaingia studio na kopo yangu kwa nguvu. Hajanisamehe mpaka leo, na mi sijamusamehe. Na sasa unaniambia kuna mashine mahali inafikiri kama Twagirimana?"

"Zipo nyingi, Mama."

Akasimama. Akatugeuzia mgongo, akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati. Flash ilikuwa imefungwa ndani ya leso, kama hirizi. Akaishika juu, mbali na mkono wangu.

"Utapiga zote mbili. Kwanza ile yenu, kidogo tu, asikie. Halafu yangu. Na Twagirimana akae karibu na spika."

"Sawa, Mama."

"Na mutoto yangu?" Shangazi akathubutu kuuliza, goti bado liko chini.

"Mutoto yako nitamuona kesho," Mama Vestine akasema, akanipa flash. "Bon."

Nilipomsimulia Alliance, alishika kichwa. "Kwa hiyo posa yangu imekuwa kesi ya kopo. Na mimi bado sijui hatima yangu."

Flash ilikuwa mkononi, kayamba lilikuwa zima ndani yake, punje kwa punje, nililisikiliza kwa vifaa vya masikioni nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Lakini "bon" ile ya pili ilikuwa imefanana sana na ile ya kwanza.

Jumamosi mahema mawili yalitazamana uani kwa Shangazi, upepo wa ziwa ukiyapulizia matumbo. Msemaji wetu, mzee Rutayisire, aliwasumbua wageni kadiri inavyotakiwa. Alisema hapa hakuna msichana wa jina hilo. Alisema yupo lakini ameshaondoka kwenda Nyamyumba kuoga maji moto. Msemaji wao akajibu kwamba walipita Nyamyumba wakayakuta maji yamepoa kwa huzuni ya kumkosa. Watu walicheka, wakakubaliana, vinywaji vikazunguka. Twagirimana, mzee nadhifu mwenye suti ya kijivu, alikuwa kiti cha kwanza, goti lake likikaribia kugusa spika yangu. Mama Vestine alikuwa viti vitatu kutoka kwake, ndani ya nguo yake mpya, haangalii kushoto wala kulia.

Akanikonyeza.

Nikapiga ule mdogo. Wanakwaya wakapiga kelele za furaha kuutambua. Twagirimana akafumba macho, kidole kimoja kikaongoza kwaya hewani. Ubeti ulipokwisha, nikazima kama nilivyoagizwa.

"Mwalimu!" Mama Vestine akaita, hema zima likisikia. "Namna gani? Inakosa kitu?"

"Haikosi kitu, Mama Vestine. Iko safi."

"Hakuna kitu unatafuta hupati?"

"Hata kidogo. Hata kikohozi yangu ipo." Watu wakacheka naye.

"Bon," akasema Mama Vestine. "Isimbi, weka yangu."

Nikaweka. Kikohozi kikapita, gitaa likaingia, na kisha kopo. Sijui niliandikeje. Lilianza kama mvua inayotafuta njia juu ya mabati, tone hapa, matone pale, halafu likatulia katika mwendo wake, kavu, jepesi, la karibu, ungeapa kuna mtu amesimama nyuma yako analitikisa. Waimbaji ni walewale, lakini sasa walikuwa na ardhi ya kukanyaga. Mabibi wawili wa kwaya wakaanza kuyumba kwenye viti. Kidole cha Twagirimana kikasimama, kikasikiliza, kikaanza upya kwa mwendo mwingine.

"Sasa hiyo..." akafumbua macho. "Hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu," akasema Mama Vestine.

Twagirimana akamgeukia. Kisha, kwa heshima zote, akavua kofia. Nisidanganye kwamba kila mtu alielewa. Mzee Rutayisire aliniinamia akaninong'oneza, "Si ni wimbo uleule? Mwambie msichana atoke, chakula kinapoa."

Na msichana akatoka. Mlango ulifunguka, Alliance akaja na wasaidizi wake nyuma, mshanana wa rangi ya asali begani, kikapu mkononi, macho chini. Alipendeza mno. Lakini hata mimi niliona kuna jambo. Hatua zake zilikuwa nyuma kidogo ya muziki, kama anayemfuata mtu sokoni asitake kuonekana.

Mama Vestine akasimama. Mkono juu.

"Simamisha!"

Nikasimamisha. Alliance akabaki katikati ya uwanja peke yake, amekumbatia kikapu. Shangazi alijishika kifua. Wakwe huketi hemani mwao wakingoja kusalimiwa, hilo kila mtu alilijua, lakini Mama Vestine alikuwa ameshatoka, anavuka ule uwazi kwa viatu vyake vya sherehe, mpaka akasimama uso kwa uso na binamu yangu.

"Nani alikufundisha kutembea hivyo?"

"Nilijifundisha na wimbo, Mama." Sauti ya Alliance ilikuwa nyembamba.

"Wimbo gani? Ule wa kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Donc ulijifunza mi sipo." Akatafakari jambo hilo. "Si kosa yako. Ulikuwa unafuata waimbaji. Usifuate hao. Hao wanachelewa tangu zamani, muulize mwalimu wao. Fuata kopo. Kopo inasema, mguu unajibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudi ndani. Tunaingia tena."

"Tunaingia, Mama?"

"We na mi. Utajuaje kama sikuonyeshi?"

Akamchukua kikapu, akampa msaidizi mmoja, akamshika mkono. Wakatembea kurudi nyumbani, yule mkubwa akihesabu kwa sauti, "cha, cha, legeza goti, cha," na yule mdogo akijaribu, akikosea, akijaribu tena, mpaka mlango ukafungwa nyuma yao. Mahemani hakuna aliyejua acheke au apige makofi. Rutayisire alifungua mdomo kulalamikia chakula, mke wake akamkanyaga.

Nikarudisha wimbo mwanzo, nikaweka kidole tayari. Shangazi alikuwa amekuja kusimama karibu nami, midomo ikicheza bila sauti.

Kisha kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ya Mama Vestine, kali, ya kuamrisha ukoo wote wa pande mbili.

"Isimbi! Weka! Mutoto yangu iko tayari!"